Siku Fupi, Njia Ndefu: Matembezi ya Majira ya Baridi katika Pwani ya Dorset

Tarehe 21 Desemba, jua huchomoza Lyme Regis, mji mdogo wa pwani ya kusini mwa Uingereza, baada ya saa 2 asubuhi, na kufikia saa 10 jioni limeshazama au limebakiza dakika chache. Mchana wote ni kama saa 8. Hata adhuhuri jua halipandi zaidi ya nyuzi 16 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo vivuli ni virefu tangu asubuhi hadi jioni, na kila mkunjo wa ardhi huonekana. Ni katika saa hizo chache ambapo wapenzi wa matembezi hutoka, wengine wakiwa na mbwa, kupita juu ya magenge ya bahari, ufukweni na kwenye vichochoro vya mashamba.

Njia kuu ya hapo ni South West Coast Path, yenye urefu wa kilomita 1,014 kutoka Minehead hadi Poole. Njia hiyo imeng'ang'ania ukingo wa bahari kwa sababu ilichongwa na miguu ya walinzi wa pwani wa karne ya 19, waliokuwa wakiwasaka wasafirishaji wa magendo. Mlinzi alitakiwa kuchungulia kila hori na kila ghuba ndogo, hivyo hakuweza kukata njia ya mkato. Mtembeaji wa leo amerithi usumbufu wao: hushuka hadi usawa wa bahari, akapanda tena, akashuka tena. Kilele cha Golden Cap, kilicho juu kuliko pote katika pwani ya kusini ya Uingereza, kina mita 191 tu, lakini anayekipanda akitokea ufukwe wa Seatown huzipanda mita zote hizo moja baada ya nyingine.

Wakati wa kiangazi njia hii hujaa watu. Baridi ikiingia wageni huondoka, na pamoja nao majani. Miti iliyopukutika hufungua mandhari iliyokuwa imezibwa tangu Mei: viota vitupu matawini, kuta za zamani, minara ya makanisa kule bondeni. Bahari nayo hubadilika. Dhoruba zinazotoka Atlantiki huupiga ufukwe, huufagia mchanga, na kuacha wazi kilichokuwa kimefukiwa. Hapo ndipo pwani ya Dorset inapotoa hazina yake.

Sehemu hii, iliyoingizwa mwaka 2001 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ina miamba inayosimulia takribani miaka milioni 185 ya historia ya dunia. Miamba ya Lyme Regis na Charmouth ni udongo wa kijivu na mawe ya chokaa vilivyotuama chini ya bahari ya kale katika enzi ya Jurasi, enzi ileile ambayo baadaye ilizalisha majitu ya Tendaguru kule Lindi. Mvua za baridi huulainisha udongo huo, genge huporomoka, mawimbi huosha kifusi, na visukuku hubaki vimelala kati ya kokoto. Kinachopatikana zaidi ni amonaiti, kiumbe wa jamii ya ngisi aliyeishi ndani ya kombe lililojiviringa kama kamba ya jahazi iliyokunjwa vizuri. Baadhi yao wamegeuka kuwa madini yanayong'aa kama dhahabu, wengine si wakubwa kuliko kifungo cha shati. Ili kumwona mmoja, mtu huinama na kutulia. Jicho linahitaji muda kuzoea kutofautisha mviringo wa kombe na mviringo wa jiwe.

Aliyeijua kazi hiyo kuliko wote ni Mary Anning, mzaliwa wa Lyme Regis mwaka 1799. Baba yake, fundi seremala, alifariki mwaka 1810 na kuiacha familia katika madeni, na watoto wakaendelea kuokota visukuku na kuviuza. Mwaka 1811 kaka yake Joseph aligundua fuvu la mnyama wa ajabu. Mwaka uliofuata Mary akapata sehemu kubwa ya mwili wake. Mnyama huyo alikuwa ikithiosauri, mtambaazi wa baharini mwenye umbo la pomboo. Mwaka 1823 Mary alifukua mifupa kamili ya plesiosauri. Msimu wake wa kazi ulikuwa huuhuu wa baridi, kwa kuwa ndio unaoangusha magenge, na aliujua ubaya wake: mwaka 1833 maporomoko yalimwua mbwa wake Tray, naye akanusurika kwa hatua chache. Wanasayansi wa London waliandika juu ya alivyovigundua, mara nyingi bila kumtaja, na chama chao cha jiolojia hakikupokea wanawake. Sanamu yake ilisimamishwa mjini humo mwaka 2022, miaka 175 baada ya kifo chake, na huo ni ucheleweshaji usio na udhuru.

Atembeaye ufukweni hapo hufuata kanuni alizozijua Mary. Haendi chini ya genge kwenye mvua kubwa wala mara baada yake. Hachimbi ukuta, huokota kilicholala chini. Na kabla ya chochote hutazama jedwali la maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Msomaji wa Pemba au Lamu hahitaji kufundishwa tofauti ya bamvua na maji mafu. Kwa Dorset ni vilevile, ila nyuma ya ufukwe hakuna minazi ya kukimbilia. Kati ya Lyme Regis na Charmouth, maji yakijaa hufika kwenye miguu ya magenge, na aliyechelewa hubanwa kati ya bahari na udongo unaoteleza. Inafaa kuanza maji yanapokupwa na kurudi kabla hayajageuka. Likitokea la kutokea, simu ni 999, na aombwe Coastguard.

Mashariki zaidi upo ufukwe wa Chesil, tuta la kokoto lenye urefu wa kilomita 29. Upande wa magharibi kokoto ni ndogo kama njegere. Kadiri mtu anavyosogea kuelekea Portland, upande wa mashariki, zinakua, hadi kufikia ukubwa wa viazi. Inasemekana wavuvi waliofika ufukweni usiku walijua wapo wapi kwa kupapasa mawe. Novemba 1824 dhoruba iliruka tuta hilo na kuvunja kijiji cha East Fleet pamoja na kanisa lake. Nyuma ya tuta kuna wangwa mtulivu uitwao Fleet, na huko, kuanzia vuli, hutua mabata bukini weusi waliosafiri kutoka Siberia kuja kula nyasi za bahari. Kwenye gati la mawe la Lyme Regis huzunguka ndege wadogo wanaopindua mawe na mwani kutafuta chakula. Ndugu zao wa aina hiyohiyo hupita miezi hiyo wakipindua mwani katika fukwe za Kenya na Tanzania.

Anayeipa bahari kisogo huingia mashambani, na hapo kuna jambo la kumshangaza mgeni: njia hukatiza katikati ya shamba la mtu, na sheria inaruhusu. Uingereza na Wales zina takribani kilomita 225,000 za njia ambazo umma una haki ya kuzipita. Haki hizo zilipiganiwa. Mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, waliupanda mlima wa Kinder Scout kaskazini bila ruhusa ya wenye ardhi, na baadhi wakafungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyoagiza njia za umma ziandikwe kwenye ramani rasmi. Mshale wa njano juu ya nguzo humaanisha njia ya miguu. Wa buluu huruhusu pia farasi na baiskeli. Kinachotakiwa ni kufunga lango ulilolikuta limefungwa na kumzuia mbwa penye kondoo.

Karibu na kijiji cha Symondsbury zipo njia zilizozama. Kwato, magurudumu na maji ya mvua vimekwangua mchanga-mwamba kwa karne nyingi, hadi njia ikawa mtaro wenye kuta za mita kadhaa. Wakati wa baridi tope hufika kwenye vifundo, upepo haufiki kabisa, na kuta zimevikwa madole na kangaga za kijani. Nje ya mtaro wakulima hukarabati nyua za miti: shina huchanjwa hadi karibu kukatika, hulazwa ubavu, na linapochipua masika hufanya ukuta ulio hai.

Baridi ya hapa si ya kuganda sana, kwa kuwa bahari huipunguza. Adui ni unyevu na upepo. Hewa ya nyuzi 5 ikipigwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisiwa kama nyuzi 1 chini ya sifuri. Pamba na jinzi zikilowa hunyonya joto la mwili, kwa hiyo ngozini huvaliwa sufu, juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha maji, na miguuni buti zenye meno. Mfukoni tochi na ramani ya karatasi, maana simu huishiwa chaji haraka kwenye baridi. Begani chupa ya chai.

Muda nao hupimwa kabla ya kutoka. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo, kwa vipimo vya leo, ni saa 1 kwa kila kilomita 5 na dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Matembezi ya kilomita 10 yenye mita 400 za kupanda yanahitaji saa 2 na dakika 40, na tope linaweza kuyafikisha saa 4. Aliyeanza saa 6 mchana kwenye tope hilo atamaliza jua la Desemba likizama.

Januari ikielekea mwisho, maua meupe yaitwayo matone ya theluji huinamisha vichwa kando ya makaburi ya vijijini, na kila juma mchana huongezeka kwa dakika kadhaa. Kuanzia 1 Machi ukataji wa nyua husimamishwa kwa ajili ya ndege wanaotaga. Mwezi huohuo mabata bukini wa Fleet huanza kuondoka, makundi kwa makundi, kurudi Siberia.