Maisha Chini ya Maji: Faida na Gharama za Ubaharia wa Nyambizi

Tarehe 3 Agosti, 1958, nyambizi ya Marekani iitwayo Nautilus ilipita chini ya barafu katika Ncha ya Kaskazini ya dunia. Nyambizi za zamani zisingeliweza safari hiyo. Hizo ziliendeshwa kwa betri zilipokuwa chini ya maji, na ili kuzijaza betri umeme hazikuwa na budi kuwasha injini za dizeli, ambazo haziwaki pasipo hewa. Kinu cha nyuklia hakihitaji hewa. Hupasua viini vya atomi za urani, na joto linalopatikana hugeuza maji kuwa mvuke wa kuzungusha mitambo. Tangu hapo, kinachoirudisha nyambizi ya aina hiyo bandarini si upungufu wa mafuta, bali ni chakula kwisha na watu kuchoka. Humo ndimo zinamotoka sifa za kazi hii, na ndimo zinamotoka adha zake.

Kinu hakivuti hewa, lakini baharia huvuta. Oksijeni yake hupatikana kwa jaribio lile lile ambalo wanafunzi hulifanya katika maabara ya shule: umeme hupitishwa katika maji safi, maji yakagawanyika kuwa oksijeni na haidrojeni. Oksijeni huachwa chomboni, na haidrojeni hutupwa baharini. Hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka mapafuni hunaswa na kemikali maalumu, kisha husukumwa nje. Hata hivyo haiondoki yote. Mabaharia huishi kwa majuma mengi katika hewa yenye kaboni dayoksaidi mara kadhaa zaidi ya ile ya nchi kavu. Jua hawalioni, na miili yao hutengeneza vitamini D kidogo.

Lililo gumu zaidi pengine ni usingizi. Kwa miaka mingi, siku ndani ya nyambizi za Marekani ilikuwa ya saa 18: saa 6 za zamu, na 12 za matengenezo, masomo, chakula na kulala. Mpango huo uliwafaa wapangaji wa zamu kuliko ulivyoifaa miili ya watu. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliopima homoni ya melatonini katika mate ya mabaharia. Walikuta kwamba saa ya mwili haikuifuata ile siku ya saa 18, bali iliendelea kwa mzunguko wake wenyewe wa saa 24 na dakika chache. Hivyo baharia aliweza kushika zamu penye mitambo hatari wakati mwili wake ukidai kulala. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 siku ya saa 24, yenye zamu za saa 8, ilianza kurudishwa.

Ama kuhusu manufaa, la kwanza ni elimu, wala si elimu ya kubahatisha. Katika nchi hiyo, anayeandaliwa kuendesha kinu husoma hisabati, fizikia na kemia darasani kwa muda wa miezi 6 hivi, kisha hufunzwa kwa muda kama huo penye kinu halisi. Admeri Hyman Rickover, aliyeusimamia mpango huo hadi mwaka 1982, aliwahoji yeye mwenyewe maofisa waliotaka kuingia. Wengi wamalizapo utumishi hupokewa vizuri katika vituo vya umeme. Ipo pia posho ya ziada. Ipo na heshima: kila mgeni, hata mpishi, hupaswa kuifahamu mitambo yote muhimu kabla ya kuvishwa beji ya pomboo, kwa kuwa moto au maji yakiingia hapana wa kusubiri fundi. Tarehe 10 Aprili, 1963, nyambizi Thresher ilizama katika Bahari ya Atlantiki na watu wote 129. Taratibu kali za ukaguzi zilizofuata zimeokoa wengi, lakini hazikuiondoa hatari.

Gharama isiyopimwa kwa chombo chochote ni ile ya nyumbani. Nyambizi iliyobeba makombora hujificha, kwa hiyo haitumi habari. Katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza, jamaa wamekuwa wakiruhusiwa kupeleka ujumbe mfupi wa maneno yaliyohesabiwa, nao haujibiwi. Habari ya msiba huweza kuzuiwa mpaka safari imalizike; baharia huulizwa mapema kama angependa kuambiwa, au asubiri. Kijana wa miaka 20 hulijibu swali hilo kwa kujaza fomu, mama yake akiwa angali mzima.

Marekani huziwekea nyambizi zake za makombora makundi mawili ya mabaharia, la Bluu na la Dhahabu. Kundi moja likirejea kupumzika na kusoma, chombo hutengenezwa, hupakiwa chakula, kisha huondoka tena na kundi la pili.