CD Imegoma Kutoka? Elewa Kinachoendelea Ndani Kabla ya Kushika Bisibisi

Unabonyeza kitufe, taa inawaka, unasikia mlio mfupi wa "trrr", halafu kimya. Trei haitoki. Unabonyeza tena, hali ni ile ile. Na ndani yake kuna CD ya harusi ya dada yako, au picha za mazishi ya babu, au rekodi za wanafunzi za miaka mitano ambazo hakuna aliyewahi kuzihamishia kwenye flashi. Kompyuta yenyewe ni ile ya mezani, ya zamani, huenda ukiiuza leo hupati hata hela ya simu janja ya kawaida. Ila CD iliyomo ndani haina nakala nyingine popote.

Kama uko Mpanda, Inyonga, Majimoto au Karema, kuna jambo lingine la kufikiria. Draivu mpya au kipuri chake mara nyingi ni kitu cha kuagiza Tabora, Mwanza au Dar es Salaam, na kusubiri. Kwa hiyo kabla hujachukua kisu na kuanza kubandua mlango wa trei, ngoja kwanza. Ukielewa kinachofanyika ndani, CD yako inaweza kutoka salama kwa kipande cha waya tu.

Ndani ya draivu kuna nini?

Trei haisukumwi na nguvu kubwa. Kuna mota ndogo, pengine sawa na kidole gumba, inayozungusha mkanda mwembamba wa mpira. Mkanda unazungusha gia za plastiki, na gia ndizo zinazosukuma trei nje. Ukishawahi kuona mashine ya kusaga mahindi, umeshaielewa: mota upande mmoja, kinu upande mwingine, mkanda katikati. Mkanda ukilegea, mota inazunguka lakini kinu kinabaki kinazubaa.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. CD ikiwa ndani, inabanwa katikati kwa sumaku ndogo ili isiruke inapozunguka. Trei haiwezi kutoka mpaka kwanza sehemu inayobeba mota ya kuzungushia CD ishuke na kuachana na sumaku hiyo. Kwa hiyo kazi ngumu kuliko zote ni ile ya nusu sekunde ya mwanzo. Mkanda uliochoka unashindwa hapo hapo. Ndiyo maana unasikia mota inajaribu, halafu inakata tamaa.

Kwa nini mkanda unachoka? Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamana, na ndiyo inayoufanya uvutike na kurudi. Joto na oksijeni ya hewani huishambulia minyororo hiyo mwaka hadi mwaka. Mpira unapoteza mnyumbuko, unakuwa laini kama sabuni au mgumu na wenye nyufa. Pia mkanda uliokaa miaka umevutwa mahali pamoja unasahau umbo lake la mwanzo. Ongeza vumbi la kiangazi, lile jekundu linaloingia hadi kabatini kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba. Vumbi linakamata grisi kwenye gia, grisi inageuka uji mzito, na mota iliyokuwa inatosha haitoshi tena.

Anza na yasiyo na gharama

Kwanza, huenda draivu ni nzima kabisa. Programu inayosoma CD inaweza kuagiza trei ifungwe ili usiitoe katikati ya kazi. Funga programu zote za muziki na video. Kwenye Windows, fungua orodha ya madraivu, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya draivu ya CD, kisha chagua "Eject". Ikigoma, zima na uwashe upya kompyuta, na ubonyeze kitufe cha draivu sekunde za mwanzo kabisa, kabla Windows haijaamka. Wakati huo hakuna programu ya kuizuia.

Pili, angalia taa. Kama haiwaki kabisa hata ukibonyeza, draivu haipati umeme. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kasha, na uhakikishe nyaya zilizo nyuma ya draivu zimekaa vizuri. Draivu ya mezani inapokea umeme wa volti 5 na volti 12 kutoka pawa saplai. Volti 5 ni hasa kwa bodi, volti 12 ni hasa kwa mota. Ndiyo maana taa inaweza kuwaka vizuri huku mota ikiwa haina nguvu. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea jenereta za dizeli, na umeme wa kupanda, kushuka na kukatika ghafla huchosha pawa saplai. Ukihisi tatizo ni hilo, mpelekee fundi mwenye mita. Usiifungue pawa saplai mwenyewe, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomoa.

Tundu dogo lenye kazi kubwa

Tazama uso wa draivu. Karibu na kitufe kuna tundu dogo kama la sindano. Watengenezaji waliliweka kwa ajili ya siku kama hii.

Zima kompyuta, chomoa waya, na usubiri dakika nzima. Kusubiri huku kuna sababu. Draivu yenye alama ya 52x inaweza kuzungusha CD kama mara 10,000 kwa dakika. CD ina kipenyo cha sentimita 12, kwa hiyo ukingo wake unakwenda karibu kilomita 226 kwa saa. Hutaki kuingiza waya mahali hapo kabla haijasimama.

Nyoosha klipu ya karatasi. Iingize moja kwa moja, bila kuipinda juu wala chini. Sentimita chache ndani utahisi kitu kinakataa. Hicho ndicho kipande kinachoendesha gia. Sukuma taratibu lakini kwa uthabiti; unafanya kwa mkono ile kazi ngumu ya mwanzo ambayo mkanda umeshindwa. Trei itachungulia kama sentimita moja. Ivute kwa vidole polepole. Ikikwama njiani usilazimishe, huenda CD imekaa upande au karatasi yake ya juu imebanduka na kunasa. Irudishe kidogo, tikisa, jaribu tena.

Ikishindikana kabisa, draivu inatolewa kwenye kasha, inageuzwa, na kifuniko cha chini kinafunguliwa kwa skrubu nne. Hapo gia unaweza kuizungusha kwa kidole. Sheria moja: usiiwashe ikiwa wazi. Leza ya CD ina mawimbi ya nanomita 780, jicho halioni vizuri mwanga huo, na jicho lisiloona hatari halijikingi.

CD imetoka. Sasa?

Kabla hujafikiria kutengeneza draivu, okoa kilichomo. Tafuta kompyuta nyingine au draivu ya nje ya USB, na nakili kila kitu leo hii, mahali pawili tofauti. CD za kuchoma nyumbani au studio huhifadhi data kwenye tabaka la rangi maalumu, na rangi hiyo hufifia kwa joto na jua. CD iliyokaa miaka juu ya kabati chini ya bati haikupi ahadi yoyote.

Kuhusu draivu, pangusa gia na mkanda kwa pamba yenye spiriti kidogo. Usiweke mafuta ya kula wala ya mashine kwenye mkanda. Yatautelezesha zaidi na kuuharibu. Mafundi wengine huuchovya mkanda kwenye maji ya moto ili ujikunje kidogo. Husaidia, lakini ni dawa ya muda. Dawa ya kudumu ni mkanda mwingine wa ukubwa ule ule, na draivu mbovu iliyotupwa pembeni kwa fundi mara nyingi bado ina mkanda mzima.

Kwa hiyo ukipita kwa fundi na kuona rundo la madraivu ya zamani, usiyadharau. Na kama nyumbani una CD ambayo hujaigusa tangu mwaka ule wa harusi, inakilishe wakati draivu bado inafunguka.