Je, Wajua? Pamba Iliyo Ndani ya Sailensa

Mtu anayetafuta cha kujazia sailensa ya gari huuliza kwanza ni kitu gani kinachomeza kelele zaidi. Swali hilo halimfikishi mbali, kwa sababu karibu kila kitu chenye nyuzi nyembamba humeza kelele vizuri siku ya kwanza. Cha kuuliza ni kipi kitakachokuwa bado kimo ndani baada ya miaka miwili. Katika sailensa za aina hii, moshi hupita kwenye bomba lililotobolewa matundu mengi madogo, na nyuzi hushindiliwa kati ya bomba hilo na ganda la nje. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko ukipenya matunduni na kusuguana na nyuzi, nguvu yake hugeuka kuwa joto, na kelele hupungua. Kwa kazi hiyo, chuma, kioo na mawe hazipishani sana. Kinachozitenganisha ni ustahimilivu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutema moshi mara 100 kila sekunde, na kila mara gesi husukuma na kuvuta nyuzi zilizo karibu na matundu. Uzi mfupi huchomoka na kutoka na moshi. Ukikata kwa msumeno sailensa iliyochoka, mara nyingi utakuta nafasi tupu ikizunguka bomba, na mabaki meusi yamejikunja pembeni, yamegandamana kwa masizi. Sailensa ya hivyo hupiga kelele hata kama ganda lake halina tundu.

Ndiyo maana naipa nafasi ya kwanza pamba ya nyuzi ndefu za kioo, ile inayotengenezwa kwa kutimua kwa upepo wa kompresa mafungu ya nyuzi zisizokatika hadi zifure. Uzi wake mmoja huweza kuzunguka bomba mara nyingi, kwa hiyo hauna ncha ya kuchomolewa kirahisi. Kioo cha aina hiyo huanza kulainika kwenye nyuzijoto 840 hivi za Selsiasi. Nguvu yake hupungua mapema zaidi, lakini sailensa ya nyuma huwa mbali na injini, na moshi hufika pale ukiwa umeshapoa sana. Palipo na joto kali, tabaka jembamba la nyuzi za chuma kisichoshika kutu huzungushwa kwanza kwenye bomba, kisha kioo hufuata juu yake. Zipo pia nyuzi za basalti, lile jiwe jeusi la volkano, ambazo huvumilia joto kuliko kioo cha kawaida, ila bei yake iko juu.

Wapo watakaosema kwamba nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ni rahisi kupata, na zikiisha unaweka nyingine. Hesabu hiyo inasahau maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, na katika safari fupi sehemu ya maji hayo hubaki ndani ya sailensa. Chuma cha kawaida chenye unene wa unywele hakidumu hapo. Huwa unga wa kutu. Pamba ya kuhami dari nayo inadanganya macho. Rangi yake ya manjano hutokana na gundi inayoshika nyuzi fupi pamoja; gundi hiyo huungua kwenye nyuzijoto mia mbili na kitu, hutoa harufu mbaya, na nyuzi zikabaki hazina kinachozishika.

Hoja nzito zaidi ni ile ya kauri: kama tatizo ni joto, kwa nini tusichukue nyuzi zinazovumilia nyuzijoto 1,260? Kwa sababu ni kinga iliyozidi mahitaji, na gharama yake inalipwa na mapafu. Nyuzi hizo ni kavu na hukatika vipande vyembamba vinavyoweza kufika ndani kabisa ya kifua. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, limeziweka kundi la 2B, yaani huenda zikasababisha saratani kwa binadamu. Nyuzi ndefu za kioo haliziweki katika kundi hilo, ingawa huwasha ngozi, na fundi avae glavu na barakoa.

Kushindilia kupita kiasi pia hakusaidii, maana mtikisiko unahitaji nafasi ya kupenya. Gramu 100 hadi 150 kwa kila lita ya nafasi zinatosha. Na anayelalamika kwamba gari bado linanguruma baada ya kujazwa vizuri ana haki, ila lawama asiipeleke kwenye pamba. Ngurumo ile ya mitikisiko 100 kwa sekunde, ndani ya gesi yenye nyuzijoto 400, ina wimbi la urefu wa mita tano hivi. Tabaka la sentimita nne halina uwezo wa kulishika. Linashika milio ya juu, ile inayochoma masikio. Ngurumo inahitaji sailensa yenye vyumba, ambamo mawimbi hugongana na kupunguzana, na magari mengi ya abiria hutoka kiwandani yakiwa na zote mbili.