Presha Hushushwa Polepole: Mabadiliko Madogo Yanayodumu Katika Kaya

Shinikizo la damu la juu, ambalo wengi hulijua kwa jina la presha, halina dalili inayoaminika. Mtu huweza kulima shamba lake, kushuka hadi soko la Mbuyuni na kurudi na mzigo wake, na miaka yote hiyo mishipa yake ya damu ikaendelea kuumia. Wengine hufahamu hali yao siku mkono unapopooza na maneno kukwama mdomoni. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu. Kwa wazee hali ni nzito zaidi: katika wilaya jirani ya Hai, uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watu wa miaka 70 na kuendelea uliwakuta karibu saba kati ya kila kumi wakiwa nalo.

Anayeambiwa na mganga kwamba presha yake imepanda kwa kawaida hushtuka, na katika mshtuko huo huamua kubadili kila kitu kwa siku moja. Chumvi inaondolewa mezani, nyama inapigwa marufuku, na mbio za alfajiri zinaanza. Baada ya wiki chache, mambo hurudi yalivyokuwa. Si haki kumwita mtu huyo mvivu. Chungu cha nyumbani ni cha watu wote. Mpishi hawezi kupika vyakula viwili kila siku, na mwili uliozoea miaka 50 hauwezi kuamrishwa kama askari.

Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja tu jipya la kufanya kila siku, lililofungamanishwa na jambo alilokwisha kulizoea, kwa mfano kutembea baada ya kifungua kinywa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa ilichukua wastani wa siku 66 kabla ya jambo hilo kufanyika lenyewe bila kusukumwa. Wapo waliozoea kwa siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Jambo la kutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote. Kwa hiyo anayeteleza Jumamosi hana sababu ya kuacha Jumapili.

Mahali pazuri pa kuanzia ni jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyomo katika mkate, soseji na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi. Lakini katika nyumba za mlimani kuna jambo ambalo hesabu nyingi husahau, nalo ni magadi. Magadi yanayolainisha maharage na kiburu yana sodiamu nyingi, na kinachopandisha presha katika chumvi ni sodiamu hiyo hiyo. Familia inaweza kupunguza chumvi na bado ikabaki pale pale kwa sababu ya magadi. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yakamwagwa, huiva kwa muda mfupi bila kuhitaji magadi. Mnafu nao hauhitaji zaidi ya moto wa dakika chache. Chumvi ya kupikia ipunguzwe kidogo kidogo, robo ya kiasi cha kawaida kwanza, kisha kusubiri wiki kadhaa kabla ya kupunguza tena. Ulimi huzoea, na wengi hawatambui hata kwamba chungu kimebadilika.

Ndizi zenyewe hazina lawama. Zina potasiamu, madini yanayosaidia kushusha presha, ingawa mwenye ugonjwa wa figo anapaswa kumwuliza daktari kwanza. Mtori wa nyama isiyo na mafuta mengi ni chakula chema kuliko sahani ya chipsi.

Kuhusu mazoezi, wanaokata majani ya ng'ombe na kuyabeba kupanda mlima hawahitaji kuambiwa wakimbie. Kazi hiyo ni mazoezi kamili. Wenye upungufu ni wenye maduka, wafanyakazi wa ofisini, waendesha bodaboda na wastaafu. Kiwango kinachoshauriwa ni angalau dakika 150 kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano. Mkazi wa Kibosho au Uru anaweza kushuka kwenye gari kituo kimoja kabla ya kwake na kumalizia kwa miguu. Mwinuko utafanya kazi iliyobaki. Mwendo uwe wa kumwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba. Dakika kumi zinatosha kwa mwezi wa kwanza.

Pombe, iwe bia au mbege, hupandisha presha kadiri inavyoongezeka, na Desemba ndiyo kipimo kigumu, ndugu wanaporudi kutoka mijini na mbuzi kuchinjwa kila ua. Kuahidi kutokunywa kabisa msimu huo mara nyingi ni kujidanganya. Ni afadhali kuamua mapema idadi ya glasi, kisha matembezi ya kila siku yasiachwe hata wageni wakiwepo. Nao waalikwe kutembea.

Mabadiliko haya hayachukui nafasi ya dawa. Aliyeandikiwa vidonge asiviache kwa kuwa anajisikia vizuri au kwa kuwa kipimo kimeshuka. Mara nyingi kimeshuka kwa sababu ya vidonge hivyo. Kupunguza dozi ni uamuzi wa mganga. Anayekwenda zahanati kupima akae ametulia dakika tano kwanza, mkono ukiwa umeegemezwa, asiwe ametoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara. Kipimo kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, na daftari hilo lipelekwe kila anaporudi, maana kipimo cha siku moja hakimwonyeshi mganga kama presha inapanda au inashuka.