Jaco Pastorius: Besi Iliyopata Koo la Mwimbaji (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi gitaa la besi lilivyoingia katika jazi likiwa chombo cha kubeba wenzake. Hoja yangu leo ni kwamba Jaco Pastorius, mzaliwa wa Norristown, Pennsylvania, mwaka 1951, aliyekulia Fort Lauderdale, Florida, aliipa besi koo la mwimbaji bila kuitua mzigo wake. Tuanze na gitaa lenyewe, Fender ya mwaka 1962 isiyo na vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Mifereji iliyoachwa na vyuma hivyo ilizibwa, na ubao ukapakwa epoksi ngumu ya boti. Juu ya ubao wa namna hiyo kidole huteleza, na sauti hupanda au kushuka taratibu kama ya mtu anayeimba. Lakini kidole kikikosea hata kidogo, noti hupotoka, na hakuna cha kumsitiri mpigaji. Sasa sikiliza albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1976. Inafunguka kwa "Donna Lee", wimbo wa mbio uliozoeleka kwa saksafoni, ukipigwa kwa besi na tumba za Don Alias pekee. Katika "Portrait of Tracy", vidole hugusa nyuzi bila kuzikandamiza, zikalia juu kama kengele huku noti nzito zikishikilia chini.

Wapo watakaosema kwamba hakuwa wa kwanza, kwa kuwa Bill Wyman wa Rolling Stones alikwisha kung'oa vyuma vya besi yake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni kweli, lakini kuwa na chombo si kukipatia lugha. Wengine hudai kwamba aliitelekeza kazi ya besi kwa kutaka kusikika. Hao wanasahau kwamba alianza kama mpiga ngoma, hadi alipoumia mkono akicheza futiboli ya Kimarekani. Katika "Teen Town", aliyoitoa na bendi ya Weather Report mwaka 1977, ngoma na besi zote ni zake: melodi inakimbia, na mdundo hautikisiki.

Dai linalonisikitisha zaidi ni kwamba kipaji chake kilitokana na maradhi ya akili. Miaka yenyewe inalikataa. Kazi zake kuu, hadi "Word of Mouth" ya mwaka 1981, zilikwisha kutoka kabla madaktari hawajautambua ugonjwa wake mwaka 1982. Na kadiri ugonjwa ulivyomzidi, ndivyo kazi ilivyopungua. Alifariki Septemba 21, 1987, akiwa na miaka 35, kutokana na kipigo alichopata kwenye klabu ya usiku. Ugonjwa ulimpokonya muziki, haukumpa. Alichotuachia ni ufundi, na ufundi hurithishwa: Richard Bona wa Kamerun alimsikia kwenye santuri mjini Douala, akashika besi.