Funga oda saa 2 usiku: ratiba ya kujitunza kwa anayeuza mtandaoni

Leo tuache kidogo mambo ya matangazo na picha za bidhaa, tuongelee mwili. Mimi nipo Mpanda, nauza asali na mchele mtandaoni. Aliyeajiriwa akiumwa anapewa ruhusa na mshahara unaingia. Wewe na mimi tukiumwa siku tatu, duka limefungwa siku tatu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko kwa anayefanya saa 35 hadi 40. Sasa piga hesabu yako: saa 9 kwa siku bila siku ya kupumzika, tayari ni saa 63.

Ratiba yangu ni hii.

1. Oda zinafungwa saa 2 usiku
Mpanda mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 na mzigo wangu unapanda basi la alfajiri. Oda ya saa 6 usiku siwezi kuipima, kuifunga na kuifikisha stendi basi halijaondoka. Nijibu usiku huo au nijibu asubuhi, mzigo utasafiri siku ileile. Kukesha hakumuwahishi mteja hata dakika moja. Angalia gari lako linaondoka saa ngapi, halafu panga saa yako ya kufunga.

WhatsApp Business ina sehemu ya ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa haupo. Weka hivi: "Habari mpendwa mteja. Meseji yako nimeipata, nitakujibu kesho saa 1 asubuhi. Oda iliyolipiwa kabla ya saa 2 usiku inasafiri na basi la alfajiri."

Utasema, "Mteja ataenda kwa mwingine!" Wapo watakaoenda, sikatai. Ila wengi wanachotaka ni kujua watajibiwa lini na mzigo utaondoka lini. Na ukifunga mizigo macho yakiwa mazito, ndipo asali ya mteja wa Mwanza inaenda Dodoma, na nauli ya kuirudisha inakuwa juu yako.

2. Zima sauti ya meseji, simu iache
Ukizima sauti ya meseji na kuacha data wazi ili ule ujumbe ujitume, meseji za wateja hazikuamshi, lakini ndugu akipiga kwa dharura utasikia. Ukilala saa 4 usiku na kuamka saa 11 alfajiri umepata saa 7, ambazo ndizo mtu mzima anazihitaji angalau. Mwenye mtoto mchanga najua saa 7 mfululizo ni ndoto. Basi mtoto akilala mchana, lala naye, maboksi yatasubiri.

3. Kula kabla ya kufungua meseji
Uji, viazi vitamu au mihogo na chai, chochote kilichopo. Ukishafungua meseji, chai itanywewa saa 6 mchana. Na chupa ya maji ikae pembeni ya mizani, hasa Septemba na Oktoba jua la huku linapokuwa kali.

4. Tembea
WHO wanashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku 5 inatosha. Mzigo ukiwa mdogo, stendi naenda kwa miguu, na hela ya boda inabaki mfukoni.

5. Pima
Presha mara nyingi haioneshi dalili. Nenda zahanati ukapimwe. Ikisoma 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine na umsikilize mtaalamu. Ukipata homa, pima malaria kwanza, usinunue dawa kwa kubahatisha. Na chandarua kila usiku.

6. Siku moja ya kupumzika
Chagua siku, waambie wateja, uizoee. Wakijua Jumapili hufungui, watalipia Jumamosi.

Usianze yote sita kwa mpigo, utachoka kabla ya wiki kuisha. Leo weka ule ujumbe wa saa 2 usiku tu. Wiki ijayo ongeza jingine.

Mtumie na mwenzako yule anayejibu wateja saa 8 usiku. Wewe unafunga oda saa ngapi?