Unywele na Uzi Mbele ya Hakimu

Abiria apandaye matatu Msambweni, Kwale, asubuhi na kushukia Diani, baada ya kuketi bega kwa bega na wenziwe, hushuka akiwa amechukua, pasina kujua, nyuzi za leso ya jirani yake, na pengine unywele wa mtu asiyemfahamu hata kwa jina. Na juu ya jambo hilo dogo ndipo Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, alipoisimamisha kanuni yake kwamba wagusanao hawakosi kuachiana athari.

Chini ya hadubini kila athari ina sura yake. Uzi wa pamba huonekana mfano wa utepe bapa uliopotokapotoka. Wa poliesta hunyooka, laini, usio na fundo. Na ule wa makumbi ya nazi, yaliyofukiwa matopeni kwa miezi kabla ya kupondwa na kusokotwa kamba, ni mnene na mkakamavu. Unywele nao una magamba nje, nyama ya kati ibebayo rangi, na kiini ndani, ambacho kwa binadamu, kikiwapo, kwa kawaida hakifiki thuluthi ya upana wake, hali kwa wanyama wengi huzidi nusu. Basi kuutenga unywele wa mtu na wa mbwa si kazi kubwa, au ndivyo ipasavyo.

Lakini kufanana si kuthibitika. Uzi wa pamba nyeupe, ni nani Kwale asiye nao? Thamani ya uzi ni uadimu wake: katika kesi ya Wayne Williams, aliyehukumiwa Atlanta mwaka 1982, nyuzi za zulia la kijani zilikuwa na umbo la nadra mno, ndipo zikawa na uzito. Santae Tribble wa Washington yalimfika mengine. Alitiwa hatiani mwaka 1980 kwa mauaji ya dereva wa teksi, mtaalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, akishuhudia kuwa unywele uliookotwa ulilingana na wake. Mwaka 2012 vipimo vya DNA vilionyesha kuwa katika nyele 13 zilizookotwa hapana hata mmoja uliokuwa wake, na mmojawapo ulikuwa wa mbwa! Mwaka 2015 FBI wenyewe walikiri kwamba, katika kesi zilizokwisha kupitiwa, zaidi ya asilimia 90 ya ushahidi wa namna hiyo dhidi ya washtakiwa ulivuka mpaka wa elimu.

Kwa rai yangu, hadubini inafaa zaidi kumtoa mtu katika tuhuma kuliko kumtia. Hata DNA ipatikanayo katika unywele usio na shina hurithiwa kwa mama, na ndugu wa tumbo moja huwa nayo sawasawa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 48, yaruhusu mahakama kusikiliza rai ya mtaalamu; nayo hubaki kuwa rai, yapaswa kupimwa pamoja na ushahidi mwingine.

Nyuzi zilizonasa nguoni, aghalabu nyingi hupukutika kwa saa chache tu, na upepo wa kusi hauzingoji. Kwa hiyo, msomaji, nyumba ikiingiliwa na jinai, usifagie wala usikung'ute mkeka mpaka polisi wafike.